Kakione Chuo Siku Isiyo ya Wageni

Mwende mwanangu,

Mkuu wa idara ya upimaji ardhi katika kile chuo cha Kitale amesema leo mchana, kwa simu, kwamba Jumatatu utaruhusiwa kwenda uwanjani kupima na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hakuna barua rasmi. Amesema tu, "Mwambie aje, asimame karibu, aulize anachotaka. Na avae viatu vya matope, huku kunanyesha." Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa jikoni kidogo bila kumwambia mtu. Baba yako alikuwa sebuleni na redio yake. Wewe ulikuwa umeshatoka kwenda Kawangware kusukwa nywele za safari, na hadi sasa ninapoandika hujarudi.

Basi lako ni kesho asubuhi. Mambo ya sweta, nauli, namba za simu na mahali pa kushukia Baba yako ameyamaliza, na atayarudia kwenye steji ya basi utake usitake. Shangazi yako Syombua anasema chumba kipo na chakula si shida. Hayo nayaacha.

Unaenda kwa siku chache tu. Hujahama. Unaenda kukiona chuo kabla ya kuamua kama utakiomba hicho, au utaomba hiki cha hapa mjini. Ndivyo tulivyokubaliana mezani, na ndivyo ninavyowajibu majirani wa Kabiria wanaponiuliza lile begi kubwa ni la nini. Lakini wewe umesoma shule za kutwa maisha yako yote. Hujawahi kulala nje ya nyumba hii ila kwa nyanya yako kule Mwingi, na huko tulikuwa sote. Nimefanya kazi ya habari muda mrefu wa kutosha kujua kwamba safari nyingine huitwa matembezi kwa sababu hakuna aliye tayari kuiita jina lake.

Katika kazi yetu, mwandishi mwenye maslahi katika habari anayoiandika huyatangaza mapema, ili msomaji ajue anazungumza na nani. Kwa hiyo natangaza: nataka uombe chuo cha mjini. Nataka jioni nisikie unavua viatu mlangoni huku unalalamika kuhusu foleni ya Naivasha Road. Nataka uendelee kunisahihisha kila nikitoka kusoma taarifa ya saa kumi. Nimelisema mara moja, sitalirudia. Yaliyobaki yasome ukijua hilo.

Unakumbuka tulipokwenda kwenye chuo hicho cha mjini siku ya wageni. Kiko kwenye orofa za juu za jengo moja katikati ya mji, juu ya maduka ya vitambaa. Tulipewa soda na kofia, na kijana wa suti ya buluu akatuita sote wawili "wazazi wetu wapendwa." Alituonyesha chumba cha kompyuta, akatuonyesha ukumbi, na mwisho akatufikisha kwenye chumba cha upimaji, ambako mashine ya kupimia ardhi, ile ya miguu mitatu, ilisimama ndani ya kabati la kioo kama kombe la mpira. Nilimuuliza, "Mnatoa nini ambacho wengine hawatoi?" Akajibu kwa kirefu, nami nikaandika. Wewe ulichuchumaa ukaitazama ile mashine upande wa chini.

Kwenye ngazi nikakuuliza umeona nini.

"Bado iko na nailoni."

"Nailoni gani?"

"Kwa miguu, Mum. Ile ya dukani. Hawajaitoa."

Nikasema labda ni mpya. "Labda," ukajibu, kwa ile sauti yako ya kumwachia mtu ushindi ambao hata yeye hautaki.

Ni wewe uliyesema, tukiwa tunavuka barabara, "Mum, si turudi Jumanne?" Nilicheka, kwa sababu hilo neno ni la mhariri wangu wa kwanza, mzee mkali aliyekunywa chai ya rangi kutwa. Alikataa kupokea habari ya sherehe yoyote mpaka mwandishi arudi mahali pale siku ambayo hakuna sherehe. Alikuwa akikutazama juu ya miwani na kuuliza, "Umeenda Jumanne?" Hakujali ni siku gani. Alichotaka ni siku ya kawaida, bila kamera, bila mtu kukutarajia. Nimeleta neno hilo nyumbani nikalizoesha humu ndani hadi likawa utani. Baba yako akisifia bucha mpya, unamuuliza kama ameenda Jumanne. Sikuwa nimefikiria kwamba siku moja ungelichukua kwa uzito na kuondoka nalo.

Basi tukarudi, na kweli ilikuwa Jumanne. Hatukupanda juu. Tuliketi kwenye kibanda cha chakula kwenye uchochoro wa nyuma, tukaagiza chapati na maharagwe, tukangoja wanafunzi washuke. Yule mwanafunzi wa koti la kung'aa alipoketi mbele yetu, wala hukunitazama mimi.

"Niaje," ukamwambia. "Unasomanga upimaji?"

"Eeh. Mwaka wa pili."

"Ile mashine ya kwa kabati mnaishikanga?"

Akacheka hadi chai ikamwagikia mkono. "Ile? Ile ni ya wageni, msupa. Sisi tunaionanga kwa projekta. Tulishuka nayo mara moja tu, hapo kwa paking. Tukapima paking."

"Na mkapata?"

"Paking iko. Haijaenda mahali."

Mwenye kibanda naye akacheka, akasema kama ni hivyo waje wapime kibanda chake, kanjo, askari wa jiji, wasije wakakipima kwanza. Halafu yule kijana akaona uso wako, akawa mkweli zaidi. "Lakini sio ati ni mbaya. Madam wa hesabu ni moto, ukimsikiza utaelewa kila kitu. Na ukitafuta ofisi ya kufanyia mazoezi, zote ziko tu hapa tao, mjini. Unapata haraka."

Hiyo sentensi ya mwisho niliipenda kuliko ilivyostahili. Njiani kurudi niliirudia mara kadhaa.

Kile chuo cha tatu, cha Kinoo, sikuhitaji kukusaidia kukisoma. Tulishuka barabarani, tukaliona bango zuri, tukaingia, tukakuta madarasa yamefungwa na bawabu akianika soksi kwenye ua. Ukamuuliza wanafunzi wako wapi. "Wako mtandaoni," akasema. Ukamuuliza walimu je. Akafikiria. "Nao wako mtandaoni." Tulicheka hadi Kabiria. Ile siku nzima naikumbuka kama sikukuu, na ndiyo shida ya kutembelea vyuo na mtoto wako: unasahau kwamba mnatafuta mahali atakapokwenda akuache.

Sasa niseme kuhusu simu ya Kitale, ile ya kwanza.

Tulikuwa mezani sote watatu, simu katikati, sauti imefunguliwa. Nilikuwa nimejiandaa kama ninavyojiandaa kwa mkutano na wanahabari. Nikamuuliza yule mwalimu, mkuu wa idara, kama si kweli kwamba hosteli zao hazitoshi. Nikamuuliza kama si kweli kwamba mvua ikinyesha barabara ya kuingia chuoni haipitiki. Nikamuuliza kama anaweza kunihakikishia usalama wa wasichana jioni, na alipoanza kujibu nikamkata nikamuuliza tena. Baba yako akaninong'onezea, "Mama Mwende, pole pole. Huyo si waziri." Mwalimu hakukasirika. Alijibu lililojibika, akaaga.

Nilipoiweka simu ukasema, "Mum, hiyo haikuwa haki."

"Kazi yangu ni kuuliza maswali magumu."

"Wa tao ulimuuliza mnatoa nini. Huyu umemuuliza mnakosa nini."

Baba yako akaongeza sauti ya redio, ambayo ndiyo njia yake ya kuniambia kwamba nimeshindwa. Nilitoka nikaenda kuanua nguo, na zilikuwa bado mbichi.

Nimehariri kazi za vijana wengi na kuwarudishia kwa kosa hilo hilo: wameingia na habari wakiwa wameshaiandika kichwani, wakauliza tu maswali ya kuijazia. Hilo kosa nalijua sura yake. Sikulitambua lilipoketi kwenye kiti changu, kwa sababu safari hii sikutetea habari, nilitetea kitanda chako kisibaki kitupu.

Kwa hiyo wiki hii niliwapigia wote wawili, wa mjini na wa Kitale, upya, nikawauliza maswali yale yale kwa maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Wanafunzi wanashika vifaa mara ngapi. Anayefeli anafanywa nini. Aliyemaliza mwaka jana yuko wapi sasa, na je, anaweza kuongea nasi. Wa mjini aliniambia habari za wanaofeli ni za ndani, lakini akanipa namba za wahitimu wawili, na wote wawili wana kazi. Wa Kitale akasema, "Mama, wengine wanarudia mtihani wanapita. Wengine wanaacha, na sijui wanaenda wapi. Hilo linanisumbua." Kisha akaongeza kwamba kuhusu hosteli nilikuwa nimesema kweli, hazitoshi, na wa mwaka wa kwanza hutafuta vyumba nje. "Nisije nikaitwa mwongo baadaye."

Mtu anayekiri asichokijua huwa ndiye unayemwamini anapokuambia anachokijua. Nilimpenda yule mwalimu, na kumpenda kukaniumiza.

Mimi mwenyewe chuo changu nilikichagua kwa kalenda. Sijawahi kukusimulia vizuri. Ilining'inia kwenye duka la mjomba wangu kule Mwingi, na juu ya tarehe kulikuwa na picha ya lango: nguzo mbili nyeupe, maua mekundu, na wasichana watatu wenye vitabu kifuani. Nililitazama lango hilo mwaka mzima nikinunua chumvi na sabuni. Hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa amefika pale. Hakuna aliyejua kwamba mtu anaweza kwenda tu, akatazama, akarudi nyumbani akafikiri. Tuliona ni kama kwenda kwa watu kuonja chakula kabla ya kukaribishwa. Nilipofika lango lilikuwepo, na maua. Nyuma yake kozi ya habari ilikuwa na mwalimu mmoja aliyefundisha pia upigaji chapa, na chumba cha kurekodia kilichogeuzwa ghala la viti.

Sikulia wala sikurudi. Nilijifunza kupiga chapa kwa kasi, na hadi leo nawashinda vijana wote wa chumba cha habari. Kazi nilijifunza baadaye, barabarani. Sikuambii haya ili uogope kukosea. Nakuambia kwa sababu mwaka wangu wote wa kwanza niliwalaumu waliopiga picha, na picha haikuwa na kosa. Ilionyesha lango, nami nililitazama lango.

Kwa hiyo huko Kitale, usilitazame lango. Watazame wanaotoka darasani, kama wanabishana kuhusu walichofundishwa au wanakimbilia tu nje. Tazama vifaa kama vimechubuka. Chombo kinachotumika hubeba alama. Wakikupeleka kwa mwanafunzi bora, msikilize kwa heshima, kisha mtafute anayejiburuta nyuma ya kundi umuulize kilichomchelewesha. Angalia wanachokifanyia mzaha. Yule kijana wa kibanda alitufundisha zaidi kwa mzaha wa paking kuliko suti ya buluu kwa asubuhi nzima. Na ukikutana na jambo baya, liandike pamoja na zuri lililo karibu yake, kwa sababu ukiwa mbali na nyumbani baya hukua usiku na zuri hukua ukipendwa, na yote mawili hupotosha.

Tena kaa wakati ambapo hakuna la kuona. Mpira wa jioni ukiisha, mvua ikiwa inanyesha, kila mtu ameingia ndani na hakuna anayekushughulikia. Jiulize kama unaweza kuketi pale na usitamani kuwa kwingine. Swali hilo hakuna mkuu wa idara anayeweza kukujibia.

Hutakijua chuo chote. Nimeandika habari kwa maisha yangu yote ya kazi na sijawahi kufika saa ya kuituma nikiwa najua yote. Unatuma unachokijua, unasema wazi usichokijua, na kesho yake unaendelea kuuliza. Anayengoja mpaka ajue kila kitu huwa hajatuma chochote.

Ulikuwa darasa la saba walipokuja wapimaji kwenye ule mgogoro wa mpaka wa barabara yetu. Ulikaa nao hadi giza likaanza kuingia, nikakutafuta nikiwa nimekasirika. Mmoja wao alikuwa amekuruhusu utazame kwenye ile mashine. Ulikuja mbio, hata ukasahau kuogopa. "Mum, nimeona misumari ya paa la kanisa. Kutoka mlangoni kwa Mama Njoki!" Nilikuambia uoshe miguu. Usiku huo ulinichorea kwenye kitambaa cha karatasi jinsi pembetatu inavyokuwezesha kujua umbali wa mahali ambapo hujafika. Sikuelewa, nikasema ni vizuri. Ninachotaka ukijue leo ni kwamba nilikuona. Sikuielewa hesabu, lakini niliuona uso wako, na tangu siku hiyo nilijua kwamba unachokipenda kiko mahali ambapo kuna nafasi ya kutazama mbali. Katikati ya mji wetu huu, popote unapoiweka mashine unaona ukuta.

Nilipomaliza muhula wangu wa kwanza nilirudi Mwingi. Nyanya yako alinipokea, akanikumbatia, akaenda kabatini, akanitolea chai katika kikombe cha wageni, kile cha maua ya samawati ambacho nilikuwa nimekiosha utoto wangu wote bila kukinywea. Hakufanya kwa ubaya. Alifikiri ananiheshimu. Niliinywa ile chai. Kikombe changu cha bati kilikuwa pale pale kwenye msumari, na sikujua nikiombe vipi. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu nimekuwa nikifika. Sijawahi tena kurudi.

Hicho ndicho ninachokiogopa, si barabara ya matope wala hosteli. Naogopa siku utakapoingia hapa na mimi, kwa kukupenda, nikakutandikia kama mgeni. Nikifanya hivyo niambie. Sema kama ulivyosema ile siku ya simu, bila kulainisha. Nitatoka kuanua nguo, kisha nitarudi.

Tayari nyumba imeanza kufanya mazoezi. Leo umetoka kwa saa chache tu na Baba yako ameshaniuliza mara mbili kama umepiga simu. Amepika chai ya watu watatu akaisahau jikoni. Nimepita chumbani kwako nikaona umekunja blanketi kwa pembe zilizonyooka, kazi ambayo nimekuomba tangu ukiwa mdogo na hujawahi kuifanya. Nimelikunjua, nikaondoka. Ukilikuta hivyo usimlaumu mtu mwingine.

Limebaki jambo moja, na ni la vitendo, kwa hiyo nitalisema kwa kifupi. Ulipojisajili kwenye mtandao wa maombi ya vyuo ulitumia namba yangu ya simu, kwa sababu wakati huo ya kwako ilikuwa haijasajiliwa. Maana yake ni kwamba kila ukigusa orodha ya vyuo unavyovichagua, ujumbe wa kuthibitisha unakuja kwangu, na bila mimi kukusomea zile tarakimu hakuna kinachobadilika. Kwa sasa orodha inaanza na chuo cha mjini, kama tulivyokijaza pamoja. Nimeona wazazi wengine wakiikalia namba kama hiyo mpaka muda ukaisha, na nimeelewa kwa nini.

Leo, baada ya simu ya Kitale, nimepanga foleni kwenye kituo cha huduma mjini kwa saa moja na nusu na kuiondoa namba yangu. Sasa iliyopo ni ya kwako. Neno la siri nalo libadilishe ukifika, kwa sababu hilo la sasa ni jina langu.

Maombi yanafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, saa sita usiku. Ujumbe utakuja kwenye simu yako.

Mama